Data za websaiti yangu zinaingia kwa nani? Maswali ya Google Analytics ninayoulizwa kila siku

Nimeamua kuyaandika baada ya kujibu swali lilelile mara tatu ndani ya wiki moja, na kila aliyeuliza kanitumia voisi noti ya dakika nne. Mengi yanahusu Google Analytics 4 (huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa websaiti) maana ndo wengi wanayotumia, na karibu yote yanarudi palepale: tagi, yani kile kipande cha programu unachopesti kwenye websaiti ili kitume data, haijui websaiti ni ya nani, inajua namba tu. Ukiipa namba ya jirani itampelekea jirani data zako kila siku, kimyakimya, wala haikupi onyo.

## Ya kuanzia

Akaunti, propati na strimu si kitu kimoja tu?

Hapana, na hapa ndo watu wanapotea mapema. Chukulia akaunti ni nyumba, propati ni chumba, strimu ni mlango wa kuingilia chumbani. Ripoti zote unazosoma zinakaa chumbani, yani kwenye propati, kwa hiyo mtu akikwambia "nimeiunganisha kwenye akaunti yako" muulize propati ipi, maana akaunti moja inaweza kubeba mpaka propati 2,000.

Kwa duka, hoteli, shule au blogu ya kawaida unahitaji propati moja na strimu moja ya websaiti, basi. Nimeshakuta mtu kafungua strimu nne, ya www, ya bila www, ya http na ya https, halafu anashangaa kila moja ina kipande cha data. Hiyo ni kujipa kazi.

Naona G-, GT-, GTM-, AW- na namba tupu isiyo na herufi. Ipi ndo yangu?

Inayopeleka data kwenye ripoti zako ni ile inayoanza na G-, ipo kwenye strimu. Namba tupu ni ya propati, hiyo unaitumia ukiunganisha vitu kama Looker Studio (ya kutengenezea dashibodi za ripoti), ukiipesti kwenye websaiti haifanyi chochote. AW- ni ya matangazo ya Google Ads. GTM- ni kontena la Tag Manager, ambalo lenyewe halihifadhi ripoti yoyote, ni kama kikapu unachowekea tagi. GT- ni tagi ya Google ambayo inaweza kuwa inapeleka sehemu zaidi ya moja, na hiyo ina vituko vyake, soma swali la "mtu mwingine naye anapata".

Nina namba ya UA- tangu zamani, itafanya kazi?

Haifanyi. UA- ni namba ya Analytics ya zamani, na hiyo iliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye hata kuzifungua ripoti zake ikawa haiwezekani. Kama websaiti yako bado ina UA- peke yake basi muda wote huo umekuwa ukiongea na simu iliyokatika.

Si niliandika anwani ya websaiti yangu wakati natengeneza strimu? Google si inajua data zangu ni zipi?

Haijui! Ile anwani ni lebo tu ya kukusaidia wewe kukumbuka. Haichuji kitu. Websaiti yoyote duniani ikiwa na namba yako ya G- data zake zitaingia kwako, na yako ikiwa na namba ya mtu mwingine zitaingia kwake, hata kama kwenye strimu pameandikwa anwani yako kwa herufi kubwa. Ukilielewa hili, nusu ya maswali yanayofuata utayajibu mwenyewe.

## Kuhakikisha

Nitajuaje kwa uhakika kwamba data zinaingia kwangu?

Usiangalie kwenye Admin (sehemu ya mipangilio ya Analytics), usiangalie kwenye email ya fundi aliyeandika "tayari boss". Angalia kile websaiti inachotuma pale inapotuma. Fanya hivi kwenye kompyuta, dakika mbili tu.

Fungua websaiti yako kwenye Chrome, dirisha la incognito. Bonyeza F12, nenda Network, kwenye sehemu ya kuchuja andika neno collect, halafu pakia ukurasa upya. Utaona mstari mmoja au zaidi unaokwenda google-analytics.com (wakati mwingine region1.google-analytics.com au analytics.google.com, usiogope ni walewale). Bonyeza huo mstari uisome anwani yake ndefu, ndani yake tafuta tid=. Hicho kinachofuata baada ya tid= ndo namba ambayo data zako zinakwenda SASA HIVI. Pembeni yake utaona dl= ambayo ni anwani ya ukurasa na en= ambayo ni jina la tukio, kwa mfano page_view. Jibu la seva huwa 204, yani imepokea na haina cha kukurudishia.

Sasa chukua hiyo tid uilinganishe herufi kwa herufi na iliyopo kwenye strimu yako. Nasema herufi kwa herufi kwa sababu nishapoteza jioni nzima kwa O na 0. Zikilingana, data zinaingia kwako. Zisipolingana usianze kugombana na mtu, piga skrinshoti kwanza.

Kama hayo mambo ya F12 yanakutisha tumia Tag Assistant ya Google, unaiwekea anwani ya websaiti na yenyewe inakuorodheshea namba zote zilizokutwa humo. Inafanya kazi vizuri, ila mimi naamini zaidi kile nilichokiona kikitoka.

Mimi natumia simu tu, sina laptopu. Nafanyaje?

Njia ya maskini ila haidanganyi. Fungua websaiti yako kwenye dirisha la faragha, mwisho wa anwani uongeze ?utm_source=kipimo77&utm_medium=jaribio halafu pitia kurasa mbili tatu. Kisha fungua ripoti ya Realtime, ile ya waliopo sasa hivi, shuka mpaka kwenye kadi ya vyanzo vya watumiaji wapya. Ukiiona kipimo77, umefika. Usipoiona ndani ya dakika chache kuna kitu hakiko sawa. Dirisha la faragha ni lazima, la sivyo Google anakuchukulia kama mgeni wa zamani na hiyo kadi haitakuonesha chanzo kipya.

Chrome ya Android pia inakubali uandike view-source: mbele ya anwani ukaona kodi ya ukurasa (sio ile kodi ya TRA), ukatafuta G- humo. Ila ukikuta GTM- tu hujamaliza kazi, kwa sababu G- imefichwa ndani ya kontena.

Realtime inanionesha nipo lakini ripoti nyingine ni tupu, nimekosea wapi?

Hujakosea. Realtime inaonesha dakika 30 zilizopita, ripoti za kawaida zinaweza kuchukua saa 24 mpaka 48 kujaa. Kalale.

Namba inalingana kabisa, mstari wa collect naona unatoka, lakini kwenye Realtime sijioni hata mimi.

Cheki kwa mpangilio huu. Kwanza, umefungua propati ipi? Pale juu kushoto pana jina, na watu wana propati mbili zenye jina lilelile, moja ilitengenezwa 2022 moja mwaka jana, wanaangalia ile iliyokufa. Pili, umeingia kwa email ipi? Brauza yenye email tatu inapenda kukupeleka kwenye ile ya kwanza. Mtu mmoja alinionesha kwa furaha "wageni wangu wa Marekani" kumbe alikuwa amefungua akaunti ya maonesho ya Google, ile ya duka lao la fulana.

Tatu, filta. Kama kuna filta ya trafiki ya ndani, yani ya kuondoa ziara zenu wenyewe, na ipo kwenye hali ya Active, na IP yako (namba ya intaneti unayotumia) imeandikwa humo, basi unajifuta mwenyewe. Hapa nina ugomvi na mafundi wa kwetu: mtu yupo kwenye bando la simu, anatafuta "IP yangu ni ipi", anaipesti kwenye filta. Ndugu yangu, IP ya mtandao wa simu mnagawana watu wengi kwa pamoja na kesho inabadilika! Unaweza kuwa umewafuta wateja wako halisi, na kilichofutwa na filta hakirudi tena. Iache kwenye hali ya Testing kwanza uone inakamata nani.

Nne, una kizuia matangazo au unatumia brauza ya Brave? Hapo lakini hata mstari wa collect usingeuona, au ungeuona mwekundu.

## Data zinapokosea njia

Kwenye ripoti zangu naona kurasa ambazo sijawahi kuziandika. Nimehakiwa?

Mara nyingi hapana, kuna mtu anatumia namba yako. Nenda Explore, tengeneza jedwali lenye Hostname, utaona majina ya domeni zote zinazoleta data kwako. Ukikuta domeni usiyoijua, ndo huyo.

Naongea kwa uzoefu wa aibu. Niliwahi kutengeneza websaiti ya zahanati, mwaka uliofuata nikachukua templeti ileile nikaivisha duka la spea za pikipiki Kariakoo. Nikabadilisha rangi, logo, namba ya simu, kila kitu isipokuwa mstari mmoja kwenye header. Miezi miwili daktari ananipigia, "kijana, mbona ukurasa wetu unaosomwa kuliko yote unaitwa cheni na sprocket?" Na yule wa spea alikuwa anaamini hana mgeni hata mmoja mtandaoni, alishaanza kuongea habari za kufunga.

Ukimfahamu mwenye hiyo domeni mwambie aitoe. Usipomfahamu, huwezi kumzuia asitume, ila kwenye ripoti zako unaweza kuchuja kwa Hostname uone za kwako tu. Na kama imezidi, tengeneza strimu mpya upate namba mpya uibadilishe kwenye websaiti yako, yule abaki anatuma kwenye ile ya zamani, halafu uifute.

Kurasa zilizotazamwa zimekuwa mara mbili ghafla lakini idadi ya watu ni ileile. Biashara imekua?

Pole, hapana. Tagi ipo mara mbili. Kwa kuwa kuki ya _ga (kifaili kidogo cha kumtambua mgeni) ni moja kwa brauza moja, mtu anabaki kuhesabiwa mmoja, ila kila ukurasa unarekodiwa mara mbili. Kwenye F12 utaona page_view mbili zenye tid ileile kwa ukurasa mmoja.

Kwenye WordPress stori huwa ni hii: fundi wa kwanza aliipesti kwenye themu, wa pili akaweka plagini ya Google inayoitwa Site Kit, wa tatu akaja na Tag Manager, na hakuna aliyefuta ya mwenzake. Chagua njia moja, nyingine zote toa. Mimi nachagua plagini au Tag Manager kuliko kuandika ndani ya themu, kwa sababu themu ikiapdetiwa kile kipande kinafutika na utakuja kujua baada ya wiki tatu. Ukishatoa, futa na kashe ya websaiti (nakala za kurasa zilizohifadhiwa), maana ukurasa wa zamani unaweza kuendelea kugawiwa kwa watu na tagi zake zote.

Data naziona vizuri, lakini nasikia mtu mwingine naye anazipata. Inawezekana?

Inawezekana, na usitegemee kuiona kwenye kodi ya ukurasa. Tagi moja ya Google inaweza kupangiwa vituo, yani sehemu za kupeleka data, zaidi ya kimoja: kwenye ukurasa imeandikwa G- yako, lakini kwenye mipangilio ya tagi kuna mtu aliongeza kituo cha pili. Ukiangalia view-source unaona namba moja tu na unaridhika. Ukifungua F12 unakuta collect mbili, kila moja na tid yake.

Kama kila kitu unacheki kwa macho ya kodi tu, hii itakupita. Fungua Admin, ingia kwenye strimu, nenda mipangilio ya tagi ya Google, angalia orodha ya vituo na orodha ya walio na ruhusa. Kontena la GTM nalo likague, kila tagi iliyomo humo uulize "hii ni ya nani?". Kuna mwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar tulikuta tagi ya wakala wa matangazo aliyeachana naye zamani, jamaa alikuwa anaona bado wageni wanatoka nchi gani na wanabofya chumba kipi. Hakuvunja mlango, ufunguo hakunyang'anywa tu.

Nina websaiti ya majaribio, nayo inachafua ripoti.

Ipe propati yake kabisa. Tatizo linakuja siku ya kuhamisha: unakopi faili zote kutoka kwenye majaribio kwenda kwenye halisi na namba ya majaribio inakuja nayo, duka linafunguliwa, mauzo yanaanza, ripoti halisi ni kavu. Kila ukihamisha websaiti, hata kubadilisha hosti tu, rudia kile kipimo cha tid. Hiyo haina mjadala.

Mauzo yote yanaonesha yametoka kwenye websaiti ya kampuni ya malipo, wakati mimi nalipia matangazo.

Mteja alitoka kwako akaenda ukurasa wa malipo, akarudi, na Analytics ikaona kama kaletwa na kampuni ya malipo. Nenda kwenye mipangilio ya tagi, kuna orodha ya vyanzo visivyotakiwa, andika domeni ya ile kampuni. Ya nyuma hayatarekebishika, ya mbele yatakaa sawa.

Nina domeni mbili za biashara moja, duka lipo kwingine na blogu kwingine.

Weka namba ileile ya G- kote kuwili, kisha kwenye mipangilio ya tagi uziandike domeni zote mbili. Ukibonyeza linki kutoka moja kwenda nyingine utaona anwani imeongezewa _gl=, hiyo ndo dalili kwamba mtu anatambulika kuwa ni yuleyule. Kama ni blogu.domeniyako na duka.domeniyako huna haja ya haya yote, kuki inavuka yenyewe.

Na app je?

Kwenye app namba haipesti mtu, inatoka kwenye faili la Firebase (huduma ya Google ya watengeneza app): google-services.json kwa Android, GoogleService-Info.plist kwa iPhone. App ikijengwa na faili la majaribio, data zinaenda kwenye mradi wa majaribio, na tofauti na websaiti huwezi kurekebisha jioni hiyohiyo, itabidi utoe toleo jipya na usubiri watu waapdeti. Kagua faili kabla ya kupandisha Play Store.

## Umiliki na ugomvi

Fundi alifungua akaunti kwa email yake, sasa hapokei simu.

Hili naulizwa kuliko yote. Kama wewe huna ruhusa yoyote kwenye ile akaunti, ile ni yake, hata kama websaiti ni yako na pesa ulilipa. Jaribu kumpata kwa amani, mwombe akuongeze kama Administrator kwenye akaunti, sio kwenye propati peke yake. Huku ukimsubiri usikae bure: fungua akaunti yako leo, weka tagi yako ianze kukusanya, tagi mbili za namba tofauti zinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Akirudi, vizuri; akipotea, angalau umepoteza ya nyuma tu.

Kwa ambao bado hawajafika huko: akaunti ifunguliwe kwa email ya biashara, mmiliki awe Administrator, fundi apewe Editor, anayesoma ripoti tu apewe Viewer. Fundi anayekataa mpango huu, na wapo, wananuna kabisa, tafuta mwingine.

Kakubali kunirudishia. Data za nyuma zinakuja?

Zinakuja, mradi ahamishe propati nzima na asikupe namba mpya. Propati inaweza kuhama kutoka akaunti moja kwenda nyingine ikiwa na data zake, na namba ya G- haibadiliki, kwa hiyo websaiti huigusi. Anayehamisha anatakiwa awe Administrator kwenye akaunti zote mbili, ndo maana unamwongeza kwako kwa muda. Wakati wa kuhamisha mtaulizwa kama ruhusa za zamani zibaki au zifuate za akaunti mpya. Chagua zifuate akaunti mpya, la sivyo umehama nyumba na wapangaji wa zamani wamo ndani. Mkimaliza mtoe.

Data za miezi mitano ziliingia kwenye propati ya mtu. Naweza kuzikopi kuja kwangu?

Hapana. Hakuna kuunganisha propati mbili, hakuna kuhamisha strimu kutoka propati moja kwenda nyingine. Mwombe akutolee ripoti muhimu kwenye Excel, uzihifadhi kama kumbukumbu. Na wewe ambaye za watu zimeingia kwako ujue pia huwezi kuzichomoa, utabaki kuchuja kwa Hostname kama nilivyosema juu.

Kuna ishu ya sheria hapa?

Ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Mimi sio mwanasheria, ila kama taarifa za wateja wako zinaingia kwenye akaunti ya mtu ambaye huna makubaliano naye, anayekuja kuulizwa ni wewe mwenye websaiti.

## Vituko vya pembeni

Dashibodi ya Looker Studio inaonesha namba tofauti na Analytics.

Kabla ya yote fungua chanzo cha data uone imeunganishwa na propati ipi. Dashibodi nyingi zinakopiwa kutoka kwa mteja mwingine, jina la juu linabadilishwa, chanzo hakibadilishwi.

Kila kitu kipo sawa, tid sahihi, propati sahihi, lakini mauzo ya asubuhi yanaingia kwenye siku ya jana.

Angalia saa za propati. Nyingi nakuta zimeachwa za Los Angeles. Huko wapo nyuma yetu saa 10 au 11 kutegemea msimu, kwa hiyo siku yao inaanza huku ikiwa saa nne au saa tano asubuhi, na kila kilichouzwa kabla ya hapo ni "jana". Ibadilishe iwe Dar es Salaam au Nairobi. Ripoti za nyuma zitabaki na saa za zamani, na siku utakayobadilisha grafu itakuwa na kibonde au kilima cha ajabu, kwa hiyo andika mahali ulibadilisha lini, bosi asije akakuuliza mwezi ujao ile siku kulikuwa na nini.